Kumpima mwanagenzi wa mashine ya kukerezea chuma: tazama mikono yake

Swali: Nasimamia karakana yenye mashine tatu za kukerezea chuma. Nina mwanagenzi aliyetimiza miezi 5. Vipande vyake vinatoka na vipimo sawasawa, na kwenye mtihani wa kuandika wa usalama alipata 46 kati ya 50. Sasa anaomba nimruhusu afanye kazi bila mimi kusimama pembeni. Kinachonisumbua ni kwamba mwezi wa tatu nilimkuta anafuta kazi kwa tambara huku mashine inazunguka. Nilimkemea, na tangu hapo sijamwona akirudia. Nitampimaje nijue kweli yuko salama?

Jibu: Ndugu fundi, swali lako lote limo kwenye ile sentensi ya tambara. Unasema hujamwona akirudia. Je, ameacha, au ameacha mbele yako? Hilo ndilo la kupima, na vipimo viwili ulivyonavyo mkononi haviwezi kukujibu.

Mtihani wa kuandika umekuonyesha anachokijua. Kipande kilichokamilika kimekuonyesha kwamba anajua kukata. Lakini shafti yenye kipenyo cha milimita 25 kamili haikwambii kama ilipimwa mashine ikiwa imesimama, wala haikwambii mkono wa kushoto ulikuwa wapi wakati chaki, kile kichwa chenye taya za kubana kipande, inazunguka. Mtu anaweza kukuletea kazi safi kabisa aliyoifanya kwa hatari kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nalisema hili kwa aibu kidogo. Zamani nilimpitisha kijana kwa sababu ya shafti moja nzuri mno. Ukipitisha kucha juu yake huhisi alama. Haikupita wiki mbili akawasha mashine ufunguo wa kukazia taya ukiwa bado ndani ya chaki. Ufunguo ulimpita begani, ukavunja taa iliyokuwa nyuma yake. Yeye hakuguswa. Nilipokaa kujiuliza nilikosea wapi, nikakumbuka kwamba siku ya kumpima nilikuwa nimeketi mezani, mwisho wa karakana, nikisubiri aniletee kazi. Niliipima shafti. Yeye sikumpima.

Kabla ya kuingia kwenye kupima, fanya naye hesabu hii moja, maana vijana wengi wanaamini kwamba hatari inakuja mashine ikiwa kasi. Chukua chuma laini cha kipenyo cha milimita 40, kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia), kasi ya kukata mita 30 kwa dakika. Mzunguko ni 1000 mara 30, gawanya kwa 3.14 mara 40: kama 240 kwa dakika. Kwa macho, huo ni mwendo wa pole. Lakini 240 kwa dakika ni mizunguko 4 kila sekunde. Tambara likinaswa, mtu asiyelitarajia anaweza kutumia kama nusu sekunde kabla mkono wake haujafanya lolote. Katika nusu sekunde hiyo kipande kimezunguka mara 2, na kila mzunguko unavuta zaidi ya sentimita 12 za nguo. Sentimita 25 zimeshazingirwa kabla hajaanza kuvuta mkono. Ndiyo maana glavu ambayo kwingine inaokoa vidole, hapa inavipeleka. Mwulize mwanagenzi wako akufanyie hesabu hiyo kwa mdomo. Akiielewa, habari ya tambara inabadilika kutoka "fundi hapendi" kuwa kitu anachokiona mwenyewe.

Sasa kupima kwenyewe. Kwanza chagua kazi inayotamanisha makosa. Ukimpa kipande kifupi kinene cha kusawazisha uso tu, utaona usalama wa kazi rahisi. Mimi hutumia chuma laini cha kipenyo cha milimita 40 na urefu wa milimita 180, kikerezwe ngazi mbili, kitiwe mfereji mmoja, kingo zivunjwe makali, na ngazi ya mwisho ing'arishwe. Kila kitu hapo kina sababu yake. Urefu huo ukishikwa kwenye taya unabaki ukichomoza kama milimita 140, ambazo ni zaidi ya mara 3 ya kipenyo. Kwa kanuni ya kawaida ya karakana lazima atoboe tundu dogo katikati ya uso wa mwisho (tundu la senta) na kuegemeza kwa senta ya nyuma, ile ncha inayoshikilia mwisho wa pili wa kipande. Je, ataliona hilo bila kuambiwa? Chuma laini, ukikata kwa kina kidogo na mwendo mdogo wa kisu, hutoa nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye kisu na kwenye chaki. Hapo ndipo kidole kinapowasha kutaka kuzivuta. Na kung'arisha kunaleta msasa, na msasa unaleta mikono karibu na kitu kinachozunguka.

Pili, mwambie mapema kwamba utakuwa kimya. Hutamsaidia, hutatikisa kichwa, hutasema "aa-aa". Ukiona hatari utasema neno moja, "simama", naye atazima palepale bila kujadili. Wekeni pia kituo kimoja cha lazima: swichi kuu ya mashine ibaki imezimwa wakati wote anapopanga kazi, na asiwashe mpaka aseme "niko tayari" nawe ujibu "endelea". Kituo hicho ni kwa ajili yako. Kinakupa nafasi ya kukagua kila kitu kwa macho kabla chuma hakijaanza kuzunguka, hivyo unaweza kumwacha akosee kwenye kupanga bila kumwacha aumie.

Anza kumtazama kabla hajafika kwenye mashine. Saa, pete, mkufu, kamba ya kitambulisho shingoni, waya za sikioni. Mikono ya ovaroli imebana, au ameikunja kwa nje ikawa kama mfuko wa kunasia? Nywele na ncha za kitambaa cha kichwani zimefungwa ndani? Na hili wengi hulisahau: bendeji. Mtu amejikata kidole jana, leo amezungushia kitambaa chenye mkia unaoning'inia. Miwani ivaliwe kabla ya kuwasha na ibaki usoni hadi asafishe mashine. Mtu anayeipandisha kwenye paji la uso kila akitaka kusoma kipimo, mwandike.

Ufunguo wa chaki unastahili macho yako kuliko kitu kingine chochote katika dakika kumi za mwanzo. Usitazame kama ameutoa. Karibu kila mtu huutoa anapopimwa. Tazama mkono. Fundi aliyezoea haachi ufunguo hata sekunde moja ukiwa ndani ya chaki. Anakaza, mkono uko kwenye mpini. Anatoa, anauweka mahali pake pale pale kila mara, ndipo anageuka. Ambaye bado, anakaza, anauacha umesimama, anageuka kuchukua kisu, kisha anarudi kuutoa. Wote wawili wamewasha mashine bila ufunguo ndani ya chaki, na kwenye karatasi ya alama wote wangepata tiki. Lakini huyo wa pili anategemea kumbukumbu, na kumbukumbu huondoka siku mtu anapoitwa jina lake katikati ya kazi. Kama ufunguo wenu ni ule wenye springi unaojisukuma nje wenyewe, usiubadilishe kwa ajili ya kupima. Kinga haiondolewi ili kumtega mtu. Mkono utauona hivyo hivyo.

Baada ya kukaza, asogeze kisu hadi mwisho wa safari yake upande wa chaki, kisha azungushe chaki kwa mkono mzunguko mzima, gia zikiwa huru. Taya zinapita bila kugusa kisu? Taya hazijatokeza nje ya mwili wa chaki kupita kiasi? Kinga ya chaki inafunga? Akifanya hivyo bila kuambiwa, umepata dalili nzuri sana, kwani hiki ndicho kitu cha kwanza watu hukiacha wakianza kujiamini. Kisha kasi. Usikubali aangalie wenzo ulipo na kuuacha. Akupe namba na aeleze alivyoipata. Aangalie pia kikomo cha mizunguko kilichochongwa kwenye chaki yenyewe, maana mashine inaweza kuwa na kasi kubwa kuliko chaki iliyofungwa juu yake.

Mashine ikishaanza, mimi husimama upande ambao naona mikono yake na uso wake kwa pamoja, nje ya mstari wa chaki. Yeye naye asisimame kwenye mstari huo. Halafu nangoja nyuzi zianze.

Hapa ndipo utakapopata jibu la tambara lako, kwa hiyo usiharakishe. Uzi wa chuma unatoka, wa moto, una makali ya wembe pande zote mbili, na unajizungusha taratibu kwenye kishikio cha kisu. Mwanagenzi ana njia nne. Anaweza kuuvuta kwa vidole, mtihani umekwisha. Anaweza kuuvuta kwa kulabu mashine ikizunguka. Wapo mafundi wanaoruhusu hilo kwa kulabu ndefu isiyo na tundu la kuingiza kidole. Kwa mwanagenzi mimi siruhusu. Anaweza kusimamisha, kusubiri chaki itulie kabisa, akaondoa kwa kulabu na brashi. Hiyo ni sahihi. Na anaweza kusimamisha, akasafisha, kisha akaongeza kidogo mwendo wa kisu au kina cha kukata ili nyuzi zikatike zenyewe vipande vifupi. Huyo wa nne ndiye ninayemtafuta. Ameelewa kwamba njia bora ya kutogusa nyuzi ni kutozitengeneza, na hapo ufundi na usalama vimekuwa kitu kimoja. Upepo wa kompresa kupuliza chenga, hapana, kwa mtu yeyote, siku yoyote. Unazirusha machoni na kuzisukuma ndani ya njia za mashine.

Angalia pia anavyosimamisha. Akibonyeza kuzima, chaki haitulii papo hapo. Katika sekunde hizo mikono iko wapi? Kuna wanaoweka kiganja juu ya chaki kuipunguza mwendo, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Na kuna wanaoingiza kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, chaki ikiwa bado inazunguka pole pole, kwa sababu "imeshakaribia". Kupima ni pale iliposimama kabisa, kisu kikiwa kimerudishwa nyuma.

Kwenye msasa, kabla hajauchukua, mwulize: lazima? Mara nyingi ncha ya kisu iliyonolewa vizuri, kasi sahihi na mwendo mdogo vinatoa uso unaotosha, na msasa ni wa kuficha kukata kubaya. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza iliona hatari hiyo kuwa kubwa kiasi cha kutoa mwongozo unaohusu msasa tu kwenye mashine hizi. Kama ni lazima, usizungushwe kwenye kidole wala kwenye kipande. Ubandikwe kwenye ubao au ushikwe nyuma ya kipande cha mbao, kisu kikiwa mbali. Kwa tupa ni vivyo hivyo: iwe na mpini, na mpini ushikwe kwa mkono wa kushoto ili mkono wa mbele usivuke juu ya chaki. Inamsumbua mtu wa mkono wa kulia, najua. Azoee.

Baada ya hapo weka mitego miwili au mitatu, si zaidi. Mtego huwekwa mashine ikiwa imekatwa umeme, na uwe wa aina ambayo hata asipouona, wewe utausimamisha kwenye kile kituo cha "niko tayari". Acha wenzo wa kasi kwenye mzunguko wa juu kutoka kazi iliyopita. Rudisha kisu kikiwa kimechomoza mno nje ya kishikio, au juu ya usawa wa senta. Legeza kufuli ya senta ya nyuma. Kamwe usilegeze kipande kwenye taya. Huo si mtego, ni bomu. Fanya hivyo baada ya chai, anaporudi kwenye mashine aliyoiacha ikiwa sawa. Kinachopimwa ni kama anairudia mashine kama mgeni au kama mtu aliyeacha kitabu wazi ukurasa uleule.

Umeme ukatwe pia, mara moja, wakati kisu hakigusi chuma. Mwombe mtu azime swichi kuu bila taarifa. Anayefaa huzima mashine kwenye kitufe chake, huachisha mwendo wa kisu kujiendesha, hurudisha kisu nyuma, kisha ndipo huuliza kuna nini. Asiyefaa husimama akitazama taa, mkono juu ya kazi. Mashine isiyo na kifaa cha kuizuia kujiwasha, umeme ukirudi nayo inarudi.

Maswali ya mdomo yaje mwisho, machache, kwa lugha anayoizungumza kila siku. Mwulize kitufe cha dharura kiko wapi, akiwa amegeuka nyuma. Mwulize chaki ya mashine hii inachukua sekunde ngapi kutulia. Mwulize angefanya nini sauti ya kukata ikibadilika ghafla. "Kwa nini unasimama hapo?" ni swali bora kuliko maswali kumi ya kuchagua a, b, c. Jibu la "ndivyo tulivyofundishwa" halijatosha.

Kuhusu alama: usitoe wastani. Alama 95 kwa mia zenye ufunguo ulioachwa kwenye chaki ni sifuri. Andika orodha fupi ya makosa ambayo moja tu linasimamisha mtihani: ufunguo kuachwa, glavu au nguo inayoning'inia, mkono au tambara kwenye kitu kinachozunguka, kupima kinapozunguka, kuzuia kinga isifanye kazi, kuondoka mashine ikiwa inaenda. Makosa mengine yaandikwe, yafundishwe, yaangaliwe tena. Na uandike ulichokiona, si hukumu yako. "Saa 4 na dakika 12, ameacha ufunguo kwenye chaki, amegeuka kuchukua kisu" inamsaidia. "Mzembe" haimsaidii, na wiki ijayo hata wewe hutakumbuka ulimaanisha nini.

Rudia siku tofauti, kwa kazi tofauti, mara ya pili iwe mwisho wa siku akiwa amechoka. Ikiwezekana fundi mwingine ndiye apime mara hiyo, kwani wewe uliyemfundisha una makosa yako ambayo huyaoni. Mimi niliwahi kurekodiwa kwa simu nikifundisha, nikajiona nafagia chenga kwa kiganja bila hata kufikiri. Wanagenzi wangu watatu walikuwa na tabia hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nikijiuliza wameitoa wapi.

Akifaulu, kibali kiandikwe kwa kazi na si kwa mashine nzima. Kusawazisha uso, kukereza kwa nje, kutoboa kwa senta ya nyuma: ndiyo. Kukata thredi (meno ya skrubu), kupanua tundu, vipande visivyo vya mviringo kwenye chaki ya taya nne, na hasa fimbo ndefu inayotokeza nyuma ya mashine, hizo bado, kila moja na siku yake. Fimbo hiyo ikizungushwa bila kuegemezwa hupinda ghafla na kuwa mjeledi wa chuma.

Na "bila mimi kusimama pembeni" isiwe "peke yake karakanani". Mwaka 2011 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, alifariki baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukerezea katika karakana ya chuo. Ilikuwa usiku, alikuwa peke yake, na alikuwa karibu kuhitimu. Hakuwa mgeni wa karakana. Aliyeruhusiwa kufanya kazi bila msimamizi bado anahitaji mtu aliye karibu kiasi cha kusikia na kufikia swichi.

Kwa kijana wako, basi, usimjibu wiki hii. Mpe ile kazi ya nyuzi ndefu mara mbili, kisha uamue. Wakati huo huo hamisha matambara. Yaondoe juu ya mashine zote tatu, yaweke kwenye ndoo upande wa pili wa njia, mbali kiasi kwamba mtu hawezi kulifikia tambara bila kuiacha mashine yake, na kuiacha mashine kwenu kuwe na maana moja tu: imezimwa na chaki imetulia. Halafu kaa mahali unapoiona ile ndoo.